Tumlipe fundi kwa kupima, si kwa kubahatisha

Taa ya cheki injini ikiwaka kwenye gari la mwaka 2003, pesa huanza kutoka kabla tatizo halijajulikana. Fundi wa kwanza anasema ni plagi. Zinabadilishwa, taa inabaki pale pale. Wa pili anasema koili, na kwa kuwa mpya ni ghali, inatafutwa iliyotumika kule Gerezani, Dar es Salaam. Wa tatu anashuku sensa ya oksijeni. Mwisho wa yote gari limefungwa spea tatu ambazo huenda halikuzihitaji, linamisi vilevile, na mwenyewe ameshaanza kusema limechoka, bora liuzwe. Mafundi wote watatu wamelipwa. Hakuna hata mmoja aliyelipwa kwa kujua.

Sisemi mafundi wetu ni waongo. Wengi wao wanaweza kusikiliza mlio wa injini na kukwambia kitu ambacho mhandisi mwenye shahada angekitafuta siku nzima. Tatizo ni namna tunavyowalipa. Katika gereji za mtaani, hela ya ufundi hutoka pale kitu kinapofungwa. Fundi akikaa saa mbili na boneti wazi, akafuata waya mmoja mmoja, akagundua kuwa bomba la hewa limelegea na kulikaza kwa klipu ya bei ndogo, mteja anamwuliza: sasa hapo umefanya nini cha kulipwa? Fundi huyo huyo akifunga sensa mpya isiyokuwa na kazi, analipwa bila maneno. Tumemfundisha sisi wenyewe kubahatisha.

Ndiyo maana suala la mashine ya bei nafuu ya kupima gari kuukuu naliona ni zito kuliko linavyoonekana. Kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kutuma taarifa kwenye simu huuzwa mtandaoni kwa chini ya dola 10 za Marekani. Sensa moja mpya ya oksijeni ya kampuni inayoaminika huzidi bei hiyo mara kadhaa. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye gari angepaswa kuwa na kifaa hicho kwenye droo ya gari, na kila fundi kuwa nacho mfukoni. Lakini wengi walionunua wamekichomeka, wakasubiri, simu ikawaambia haiwezi kuwasiliana na gari, wakakitupa na kusema ni feki. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, sababu iko kwenye gari lenyewe, na sababu hiyo tunapaswa kuijua kabla ya kutoa hela.

Mfumo wa gari kujipima na kuhifadhi kodi za hitilafu ulisukumwa na moshi wa California. Jimbo hilo lilianza kutaka magari mapya yawe na mfumo wa aina hiyo kuanzia mwaka 1988, kila kampuni kwa namna yake. Kisha ikaja hatua kubwa zaidi: kuanzia magari ya mwaka 1996, kila gari dogo linalouzwa Marekani lilitakiwa kuwa na soketi ya aina moja yenye matundu 16, kodi za aina moja, na njia za mawasiliano zilizokubaliwa, ili mashine ya mtu yeyote iweze kulisoma. Huo ndio OBD-II. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na ya dizeli baada ya hapo. Japani ilikuwa na utaratibu wake wa ndani, na masharti yake ya kina yalianza kutumika Oktoba 2008.

Sasa angalia barabara zetu. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha upande wa kushoto kama Wajapani, na tumejaza magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani. Toyota IST ya kwanza, ile ya mwaka 2002 ambayo bado imejaa Dar es Salaam, iliuzwa pia Marekani kwa jina la Scion xA, na Scion ilianzia California. Ni gari moja: bodi ile ile na, kwa zile IST za sisi 1,500, injini ya 1NZ ile ile. Lile la California lilibanwa na sheria likubali kusomwa na mashine yoyote. La kwetu lilitengenezwa kwa nchi ambayo haikuwa na sharti hilo. Vitz nayo, iliyoanza mwaka 1999, Ulaya ilikuwa Yaris, na huko ikabanwa na sheria ya 2001. Soketi yenye matundu 16 ipo chini ya usukani wa IST yako, na kifaa kinaingia bila shida, ila kompyuta iliyo nyuma yake inasubiri kuitwa kwa namna ya Toyota ya Japani. Mtu anayeangalia umbo la soketi tu ataamini kifaa kimekufa.

Kenya hairuhusu tena kuingiza gari lililozidi miaka 8, Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 magari yaliyozidi miaka 15, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Kwa hiyo magari yanayoshuka bandarini leo mengi yanasomeka bila tabu. Lakini yale yaliyoingia zamani hayajaondoka. Ndiyo yanayopeleka watoto shule, ndiyo yanayofanya kazi ya teksi, na ndiyo ambayo mwenye nayo hana akiba ya kubahatisha.

Upande wa pili wa tatizo ni kifaa chenyewe. Vingi vya bei ndogo vimeandikwa ELM327. Hilo lilikuwa jina la chipu ya kampuni ya Kanada, ELM Electronics, iliyofanya kazi ya kutafsiri mawasiliano ya gari kwenda kwenye kompyuta au simu. Toleo lake la kwanza halikulindwa dhidi ya kunakiliwa, na likanakiliwa kwa wingi usiohesabika, hadi kifaa kizima cha kuiga kikawa rahisi kuliko chipu moja halisi. Kampuni hiyo ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Vifaa vinaendelea kuuzwa, na kwenye maboksi utaona toleo 1.5, toleo ambalo kampuni yenyewe haikuwahi kulitoa. Vingine vimeandikwa 2.1, na kati ya hivyo vingi vimepunguzwa amri ndani yake: vinaweza kusoma gari jipya linalotumia mtandao wa CAN, ambao Marekani uliwekwa kuwa lazima mwaka 2008, lakini vinakwama kwenye njia za zamani zinazopita tundu namba 7. Na gari kuukuu la Kijapani hutumia hasa hiyo njia ya tundu namba 7. Maana yake ni kwamba kifaa cha bei ya chini kabisa huwa kibovu zaidi kwa mtu yule yule anayekihitaji zaidi.

Muuzaji anayeandika "kinasoma magari yote" anadanganya, hata kama hajui kuwa anadanganya. Iwe Kariakoo au Kirinyaga Road ya Nairobi, sharti la mnunuzi liwe moja: kijaribiwe kwenye gari langu, injini ikiwaka, kabla sijalipa. Kikionyesha mzunguko wa injini na joto la maji vikibadilika mbele ya macho yako, umepata kifaa. Kikionyesha tu kwamba kimeunganishwa na simu, hujapata kitu, kwa sababu kuongea na simu si kuongea na gari. Mwenye iPhone achukue cha Wi-Fi au kile kilichotengenezwa mahususi kwa ajili ya simu hizo. Cha Bluetooth ya kawaida hakitamfaa.

Kwa Toyota za soko la Japani za miaka ile, kifaa chenye amri zote pamoja na programu kama Torque, inayokubali kuongezewa amri za mwanzo kwenye mipangilio ya gari, mara nyingi huifungua kompyuta iliyokuwa kimya. Njia iliyo imara zaidi ni kebo inayounganishwa na kompyuta ya mkononi na kutumia Techstream, programu ya Toyota yenyewe. Hiyo haiishii kwenye injini. Inaingia kwenye ABS, eabegi na giaboksi, sehemu ambazo kifaa cha kawaida hakizigusi kabisa. Kebo za kuiga huuzwa kwa bei ndogo, nyingi zikiambatana na nakala ya programu isiyo na leseni, na hapo fundi mdogo anawekwa kwenye njia panda isiyo ya haki: avunje sheria au abahatishe. Gereji yenye magari ya kutosha ingefanya vizuri kukusanya nguvu na jirani zake na kununua mashine ya mkononi ya kampuni kama Launch au Autel, baada ya kuhakikisha kwamba toleo husika lina orodha ya magari ya soko la Japani. Mafundi watatu wanaoshirikiana eneo moja hawahitaji mashine tatu.

Na kuna jambo ambalo wenye magari wengi hawajawahi kuambiwa: Toyota nyingi za zamani zinatoa kodi zenyewe bila mashine yoyote. Zile zenye kiboksi cha majaribio chini ya boneti, ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya cheki injini huanza kupepesa kwa kuhesabika. Kwenye nyingi zenye soketi ya matundu 16, kazi hiyo hufanywa kwa kuunganisha tundu la 4 na la 13. Mipepeso miwili, kimya kifupi, kisha miwili tena, ni 22: sensa ya joto la maji. Mitatu na mmoja, 31, ni kipimo cha hewa inayoingia kwenye injini. 41 ni sensa ya throto. Taa ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kodi iliyohifadhiwa. Tahadhari ni kwamba tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote; ukikosea ukaliunganisha na jingine unaweza kuunguza fyuzi, na ukikosa bahati utaunguza kompyuta ya gari, ile kontroli boksi ambayo bei yake inaumiza. Hesabu matundu mara mbili, na kama macho hayaoni vizuri, mpe mwenye macho.

Kodi, kwa njia yoyote utakayoipata, si hukumu. Hapa ndipo mashine ya bei nafuu inaweza kuendeleza ubahatishaji ule ule, safari hii ukiwa na namba. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Fundi mwenye haraka anabadilisha sensa ya oksijeni kwa kuwa ndiyo iliyoripoti. Lakini sensa imesema kweli tu. Chanzo kinaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka baada ya kipimo cha hewa, kipimo chenyewe kuchafuka, pampu ya mafuta kudhoofika au filta kuziba. P0420 inanyooshea kidole masega ya eksozi, na wapo wanaoyang'oa siku hiyo hiyo na kuyauza, ilhali eksozi iliyotoboka karibu na sensa inaweza kutoa kodi hiyo hiyo.

Kuna kipimo kimoja ambacho natamani kila mwenye gari lenye koili juu ya kila plagi akijue. Mashine imeleta P0301, yaani silinda namba 1 inamisi. Usinunue kitu. Hamisha koili ya silinda ya 1 uiweke kwenye ya 3, na ya 3 uilete kwenye ya 1. Futa kodi, endesha. Ikirudi ikiwa P0303, koili ndiyo mbovu, kanunue moja, si nne. Ikirudi P0301 ile ile, koili ni nzima. Hamisha plagi kwa utaratibu huo huo, kisha uende kwenye nozeli na kompresheni. Kazi hiyo ni ya spana moja na dakika chache, na jibu lake linaweza kumwokolea mtu koili tatu nzima ambazo zingetupwa kwenye pipa la gereji.

Thamani kubwa zaidi ya kifaa, kwa maoni yangu, haiko kwenye kodi hata kidogo. Iko kwenye vipimo vinavyotembea wakati injini inafanya kazi. Chukua malalamiko ya kawaida kuliko yote mjini: gari linakula mafuta, hakuna taa iliyowaka. Mafundi wetu wamezoea kung'oa themostati kwa maelezo kwamba nchi yetu ni ya joto. Injini za magari haya zimepangwa kufanya kazi maji yakiwa na joto la nyuzi 80 hadi 95 hivi. Bila themostati, gari likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, maji hupoa chini ya hapo, kompyuta inaamini injini bado haijapata moto, na inaendelea kuongeza petroli. Hakuna sehemu iliyoharibika, kwa hiyo inawezekana kabisa kodi isiwepo. Lakini mtu mwenye kifaa ataona kwenye simu yake: nusu saa ya safari, nyuzi 62. Jibu amelipata kabla hajafungua boneti, na dawa yake ni themostati, si nozeli nne mpya wala kubadilisha kompyuta. Vivyo hivyo ukiona joto la maji limeandikwa hasi 40 gari likiwa limewaka, usitafute injini mpya. Hakuna asubuhi ya baridi ya Julai kule Makete itakayotoa namba hiyo. Waya wa sensa umekatika au soketi yake imechomoka.

Anayenunua gari lililotumika naye ana la kupata. Kuna wauzaji wanaofuta kodi asubuhi ya siku ya kuonyesha gari. Kwenye magari yanayofuata mfumo wa kawaida, kifaa kitaonyesha kwamba vipimo vya ndani bado havijakamilika, dalili kwamba kumbukumbu imefutwa karibuni au betri imetolewa. Na hata bila kifaa: fungua swichi bila kuwasha. Taa ya cheki injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, usiendelee na mazungumzo ya bei, maana huenda balbu imetolewa au waya umekatwa kwa makusudi.

Pamoja na hayo yote, kifaa cha kwanza kununuliwa kisiwe hata hicho cha OBD, kiwe mita ya umeme. Betri nzima iliyopumzika hukaribia volti 12.6, na injini ikiwaka chaji hukaa kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Kompyuta inayopata umeme pungufu hutoa kodi za ajabu ajabu ambazo hakuna spea itakayoziponya. Mafundi umeme wanaopima waya za sensa kwa balbu waache, kwa sababu balbu huvuta umeme mwingi kuliko saketi hizo zinavyoweza kubeba.

Ukubwa wa jambo hili umeshatambuliwa kwingine. Wapiga kura wa Massachusetts walipitisha mwaka 2012 sheria ya haki ya kutengeneza, iliyowataka watengenezaji wa magari wawape mafundi wa kujitegemea taarifa za upimaji zilezile wanazowapa mawakala wao. Afrika Kusini, Tume ya Ushindani ilitoa miongozo iliyoanza kutumika Julai 2021 inayomlinda mwenye gari anayechagua gereji ya kujitegemea. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina soko kubwa la magari ya Japani kiasi cha kuweza kudai kwa sauti moja: leseni za muda mfupi za programu za upimaji kwa bei ambayo gereji ya Buguruni inaweza kumudu, na vitabu vya mifumo ya umeme vya magari ya soko la Japani kwa lugha inayosomeka. Sioni kwa nini hilo lionekane ombi la ajabu. Magari haya tumeyalipia, na ushuru wake tumeulipia.

Lakini hatuhitaji kusubiri mkutano wa Jumuiya kule Arusha ili kubadilisha kinachotokea gereji. Mwenye gari aanze yeye: akifika, aulize bei ya kupima peke yake, akubali kuilipa hata kama jibu litakuwa klipu ya bomba, na adai aandikiwe kodi iliyosomwa, vipimo vilivyoonekana na jaribio lililofanywa, kabla spea yoyote haijatajwa. Vyuo vya ufundi vya VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo wanaweza kuwaita mafundi wa mtaani kwa mafunzo mafupi ya mwisho wa wiki, kila mmoja na simu yake na kifaa chake, kwenye IST na Noah za kweli zenye hitilafu zilizotegwa. Na fundi mwenyewe anaweza kubandika karatasi ukutani Jumatatu hii, bei ya kupima ikiwa mstari wa kwanza, juu kabisa ya bei ya kufunga spea.